Umeme umefika, fundi bado yuko mbali

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umesogezwa hadi karibu kila kijiji cha Tanzania Bara. Februari 2024 mtambo wa kwanza kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuingiza umeme kwenye gridi. Nguzo zikishasimama, mashine hufuata nyuma yake. Zinakuja za kukoboa na kusaga, za kukamulia alizeti, majokofu ya maziwa, pampu, na siku hizi mashine za kufulia nguo.

Fundi hafuati kwa kasi hiyo. Mashine inaweza kupakiwa kwenye lori na kufika Sumbawanga baada ya siku mbili, lakini mtu anayeijua ndani yake anabaki Dar es Salaam au Mwanza, na vipuri vinabaki huko pamoja naye. Mkulima au mfanyabiashara mdogo anaponunua mashine huuliza bei yake na bei ya usafiri. Ni wachache wanaouliza siku itakapoharibika itakaa wiki ngapi bila kufanya kazi.

Nitaeleza jambo hili kwa mashine moja kuukuu ya kufulia, kwa sababu nilishughulikia matengenezo yake mwenyewe kwa simu, nikiwa Morogoro, yenyewe ikiwa Sumbawanga. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara ya karibu kilomita elfu moja.

Mashine ni ya shangazi yangu, mwenye nyumba ya kulala wageni yenye vyumba 14. Aliinunua Dar kwa Sh420,000 kutoka kwenye kontena la vitu vilivyotumika vya Uingereza, ile ya kufunguka kwa mbele. Julai 2025 ikagoma. Wasomaji wa Rukwa wanajua Julai ni mwezi gani. Mahindi yameshavunwa, wanunuzi wanatoka kila upande, na vyumba vinajaa madereva, madalali na watu wa magunia. Kwa wastani vyumba 11 vilikuwa na watu kila usiku.

"Mwanangu, mashine imekata roho," alinipigia asubuhi moja. "Ilikuwa inanguruma kama lori, jana ikatoa harufu ya kuungua ikasimama."

Hebu tuangalie hesabu. Vyumba 11 ni mashuka 22 na mataulo 11 kwa siku. Wafuaji wa mkono walimtoza Sh500 kwa shuka na Sh300 kwa taulo, yaani Sh14,300 kwa siku. Mashine ilipokuwa nzima, umeme, maji na sabuni vilimgharimu kama Sh4,000. Tofauti ni Sh10,300 kila siku ambayo mashine imesimama. Na bei ile ya wafuaji haikuwa ya kawaida. Wakati wa mavuno kina mama wengi wanaofua kwa ujira huwa wamekwenda kupukuchua na kupepeta mahindi, kwa hiyo waliobaki hupandisha. Mashine huwa na tabia ya kuharibika pale inapotumika sana, na pale inapotumika sana ndipo mbadala wake unapokuwa ghali. Mwenye mashine ya kusaga anajua hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza alipatikana siku ya tatu. Ni kijana mwaminifu, anatengeneza pasi, redio na feni, na mashine ya kufulia alikuwa ameiona mara mbili tu. Alinusa ile harufu akasema mota imeungua. Akaifungua, akaifunga kwenye boksi, ikapandishwa basi kwenda Dar kwa msukaji wa mota. Nauli ya kifurushi kwenda ilikuwa Sh12,000 na kurudi Sh12,000.

Msukaji aliipima, akatoza Sh10,000 ya kazi hiyo, akaniambia kwa simu kwamba mota haina tatizo lolote. Ningempa tuzo. Angeweza kabisa kusema ameisuka upya na kudai Sh80,000, na hakuna yeyote kati yetu ambaye angejua.

Hapa kuna jambo ambalo wachumi wamelifanyia kazi sana. Mwaka 1970 mchumi Mmarekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubovu wa gari na mnunuzi hajui, soko lenyewe linaharibika, kwa sababu mnunuzi anaogopa kutoa bei nzuri na mwenye gari zuri anaona heri abaki nalo. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na wenzake wawili. Kazi ya fundi iko hivyo hivyo. Yeye anajua na mteja hajui, na umbali unaongeza pengo hilo, kwa sababu mteja aliye mbali hawezi hata kusimama mlangoni akaangalia kinachofanyika. Matokeo yake watu wengi hawatengenezi kabisa. Mashine inasukumwa stoo, kuku wanatagia humo.

Mota iliporudi ilikuwa siku ya 11. Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Hapa Morogoro kuna mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya hoteli. Nilimwomba shangazi amwambie kijana afunge mota, achukue picha ya video dakika moja, anitumie. Mzee alisikiliza mara moja tu.

"Mwambie atoe mkanda," akasema, "azungushe ngoma kwa mkono."

Kijana akatoa mkanda, akazungusha. Ngoma ilikuwa nzito na ilisaga kama kuna mchanga ndani. Beringi zimekufa. Ile harufu ya kuungua ilikuwa mpira wa mkanda uliokuwa ukiteleza juu ya puli kwa sababu ngoma ilikuwa imekaza. Kwa nini beringi zilikufa? Mzee akauliza kama kulikuwa na maji yenye kutu chini ya mashine, upande wa nyuma. Yalikuwapo, kwa miezi. Sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi ilikuwa imelika, maji yakapenya, grisi ikaondoka.

Kwa jaribio hilo la ngoma, ambalo halihitaji chombo chochote isipokuwa mkono, tulikuwa tumeokoa Sh34,000 za safari ya mota na siku nane, kama tungelifanya mapema. Nilimtumia mzee Sh10,000 kwa simu. Alishangaa, kwani kwa maoni yake hakuwa amefanya kazi.

Nadhani hapo ndipo soko letu la ufundi lilipokwama. Tunalipa kwa kufungua nati, hatulipi kwa kujua nati ipi ifunguliwe. Simu iko kwenye kila mfuko, pesa kwa simu tunayo tangu 2008, na picha ya video inafika Namanyere au Mpanda kwa muda wa kuchemsha chai. Bado fundi mzoefu wa mjini hana bei ya ushauri wa simu. Ama anautoa bure huku akiwa na haraka, ama anasema "ileteni nione". Kuleta mashine ya kilo 60 kutoka Sumbawanga hadi Dar ili mtu aione ni kulipa nauli mbili kwa ajili ya jaribio la mkono.

Ushauri wa simu una mipaka yake, na unategemea sana mtu aliye upande wa pili. Mashine inayojaza maji na kutoa mlio wa mota lakini ngoma haizunguki, angalia mkanda kwanza. Isiyotoa maji, fungua chujio la pampu hapo chini kabla ya kumwita mtu, mara nyingi utakuta sarafu, vifungo na vitambaa. Ile ya ngoma mbili ya Kichina, ambayo mota yake inanguruma bila kuzunguka mpaka uisukume kwa mkono, mara nyingi ni kapasita. Inayochukua nusu saa kujaza maji huenda haina ubovu wowote. Mashine nyingi za kufunguka mbele zimetengenezwa kwa maji ya bomba yenye msukumo, na tangi hutoa msukumo wa takriban 0.1 ya baa kwa kila mita ya kimo. Tangi lililowekwa juu ya matofali mita moja na nusu halitoshi. Nimeshuhudia watu wakibadilisha vali ya maji ilhali walichohitaji ni mnara mrefu zaidi.

Turudi Sumbawanga. Kosa la pili lilikuwa langu. Niliagiza beringi kwa jina la mashine. Nilipiga simu duka moja la vipuri Kariakoo, nikataja kampuni na kusema "ya kilo saba". Muuzaji akasema anazo. Beringi mbili kwa Sh28,000, kifurushi Sh6,000. Zilifika siku ya 15. Siku ya 16 kijana alifungua ngoma, kazi ya karibu siku nzima, akagonga beringi za zamani zikatoka, akakuta zile mpya haziingii. Duka lilikataa kuzirudisha kwa sababu karatasi yake ilikuwa imechanwa.

Kijana akafuta kutu kwenye zile za zamani kwa kitambaa na mafuta ya taa, akanisomea kilichoandikwa ubavuni: 6205 na 6206.

Msomaji mwenye mashine ya kusaga ameshacheka. Namba hizo si za kampuni ya mashine za kufulia. Ni namba za kimataifa. Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52 na unene milimita 15, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China. Ya 6206 ni 30, 62 na 16. Zinatumika kwenye mota za umeme, pampu na mashine za kila namna. Kijana alivuka barabara, akaingia duka linalouza mikanda na beringi za mashine za kukoboa, akazinunua zote mbili kwa Sh18,000. Tulikuwa tumeagiza kilomita zaidi ya 1,100 kitu kilichokuwa ng'ambo ya barabara.

Sili peke yake ndiyo iliyobidi itoke Dar, nayo safari hii iliagizwa kwa vipimo vyake vitatu: tundu, upana wa nje na unene. Sh9,000, kifurushi Sh5,000. Ilifika siku ya 20. Mabasi kuruhusiwa kusafiri usiku tangu 2023 kumesaidia sana hapa. Kifurushi kinachopakiwa Dar jioni hakisubiri tena alfajiri stendi. Kijana naye alikuwa ameitwa kijijini kwenye mashine ya kukoboa iliyokwama, akarudi siku ya 22. Siku ya 23 mashuka yalifuliwa kwa mashine.

Fedha zilizotoka mfukoni ni hizi: safari ya mota na upimaji Sh34,000, beringi zisizofaa Sh34,000, beringi sahihi Sh18,000, sili na kifurushi chake Sh14,000, mzee wa Morogoro Sh10,000, kijana Sh40,000, na makato ya kutuma fedha kwa simu kama Sh6,000. Jumla Sh156,000. Kati ya hizo, zilizokuwa za lazima hazizidi Sh84,000.

Lakini ukiziongezea siku 23 za kufua kwa mkono, kwa Sh10,300, unapata Sh236,900 nyingine. Matengenezo yale yaligharimu Sh392,900, karibu sawa na bei ya kununulia mashine yenyewe, na vipuri vilivyoingia ndani yake ni vya Sh27,000.

Kama mashine ingefunguliwa siku ya tatu na namba kusomwa, sili ingefika siku ya saba na kazi kuisha siku ya nane. Siku 15 zilizobaki, sawa na Sh154,500, zililiwa na kutojua. Nauli ya umbali, yaani vifurushi vyote pamoja, haikufika hata Sh40,000. Kilichotuumiza ni kuagiza kabla ya kusoma, na hilo mtu anaweza kulikosea hata akiwa Kinondoni, isipokuwa yeye atalirekebisha kesho yake.

Kuna watakaosema dawa ni kununua mpya. Shangazi aliulizia ya ukubwa uleule mjini, akatajiwa zaidi ya Sh1,100,000. Sina ugomvi na kitu kipya, ila kwa mtu aliye mbali swali kubwa kuliko upya ni mashine inafungukaje. Katika modeli nyingi za siku hizi ngoma ya nje imeunganishwa kwa kuyeyushwa kiwandani, haina nati. Beringi ya Sh10,000 ikifa, unatakiwa ununue ngoma nzima, ambayo bei yake inakaribia ya mashine iliyotumika. Aidha, taima ya kuzungusha kwa mkono imeondolewa na badala yake kuna bodi ya saketi ambayo ni ya modeli hiyo tu. Bodi hiyo umeme ukipanda na kushuka haichukui muda, na haiuzwi kwenye duka la mikanda.

Ulaya wenyewe wamelalamika kuhusu hali hiyo. Tangu Machi 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wawe na vipuri muhimu, beringi za ngoma zikiwamo, kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, na kipuri kikiagizwa kifike ndani ya siku 15 za kazi. Mwaka 2024 ikapitishwa sheria nyingine inayowabana watengenezaji wakubali kutengeneza bidhaa hata baada ya dhamana kwisha, kwa bei ya kuridhisha, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kuitekeleza.

Siku 15 za kazi ni wiki tatu. Kwa sheria yenyewe, basi, mteja wa Ulaya anaweza kusubiri kipuri karibu sawa na tulivyosubiri sisi kwa makosa yetu yote. Lakini faida kwetu ipo, ingawa haikuandikwa kwa ajili yetu. Mashine zinazouzwa Ulaya leo ndizo zitakazoshuka kwenye makontena yetu miaka kumi ijayo, na zile zenye vipuri huko zitakuwa na vipuri vilivyotumika huku.

Kwa wakulima habari iliyo karibu zaidi ni ya Marekani. Huko wenye matrekta makubwa ya kisasa wamekuwa wakilazimika kumsubiri fundi wa wakala aje na kompyuta ili kufuta hitilafu iliyotokea shambani, wakati mwingine mavuno yakiwa yanasubiri. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza zana zake za kilimo mwenyewe, ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya serikali yao inayosimamia ushindani wa biashara, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliifungulia kesi kampuni ya Deere & Company kuhusu jambo hilo hilo. Mkulima wa Iowa mwenye trekta la mamia ya maelfu ya dola na mama wa Sumbawanga mwenye mashine ya Sh420,000 wanasubiri kitu kimoja, mtu mwenye maelezo.

Sisi bado tuna nafasi nzuri kuliko wao kwa sababu mashine zetu nyingi ni za kawaida. Mashine ya kukoboa, pampu, trekta dogo la mkono, zote zina beringi na mikanda yenye namba. Mkanda ulioandikwa B60 ni wa umbo la B wenye urefu wa inchi 60, hauna haja ya jina la kampuni. Mkanda mwembamba wenye mistari wa mashine ya kufulia, ukiandikwa 1270 J5, una urefu wa milimita 1,270 na mistari mitano. Kapasita imeandikwa mikrofaradi na volti: mikrofaradi ziwe zilezile, volti zisipungue. Anayeandika namba hizi kwenye daftari wakati mashine ni nzima ameshafanya nusu ya matengenezo yake ya baadaye. Na si kazi kubwa. Bamba la nyuma lipigwe picha siku mashine inapofika, kabla kutu na rangi hazijalifuta.

Bamba hilo hilo ndilo linalopaswa kusomwa kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma itarekebisha volti, haitarekebisha hezi, na mota ya hezi 60 kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka polepole na kupata joto. Zile za Uingereza zinafaa kwa umeme, ila za zamani zina mipira miwili ya maji, ya moto na ya baridi, na anayefunga mmoja tu bila kujua anaweza kuona mashine ikisimama katikati akadhani ni mbovu. Walio mwisho wa laini ya umeme kijijini, ambako taa hufifia jioni, waweke bei ya stebilaiza ndani ya bei ya mashine.

Nimekuwa nikiwashauri viongozi wa vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa wanaokopesha mashine kwa wanachama wachague aina moja au mbili tu kwa kata nzima. Wengi hawapendi, kila mtu ana lake alilosifiwa na shemeji. Lakini pale mashine kumi zinapofanana, ya kwanza kufa inakuwa duka la vipuri la tisa zilizobaki, na fundi mmoja wa hapo hapo anapata mashine za kutosha kuzizoea. Yule kijana wa Sumbawanga alikuwa ameona mbili. Hatari yake ni kwamba mkichagua vibaya mmekosea wote kwa pamoja, na wakala akijua mnamtegemea anapandisha. Ndiyo maana nasema aina yenye namba za kawaida, hata kama wakala akifunga duka kesho.

Kwa upande wa serikali sioni haja ya kitu kikubwa. SIDO ina ofisi mikoani, VETA ina vyuo. Mtu mmoja mwenye simu, vipimo na orodha ya wauzaji wa vipuri, anayelipwa kwa ushauri, angeokoa siku nyingi kuliko semina. Tume ya Ushindani nayo, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, ingeweza kumtaka mwingizaji wa mashine aeleze kwa Kiswahili namba za mikanda na beringi na kama ngoma inafunguka. Karatasi moja tu ndani ya boksi.

Mashine ya shangazi bado inafanya kazi. Kijana ameandika 6205, 6206 na vipimo vya sili kwa rangi nyekundu mgongoni mwake, herufi kubwa kama za namba ya gari, na amepata wateja wengine watatu wa mashine za kufulia mjini hapo. Anawatoza kumi elfu kwa kuangalia tu, na wanalipa.

Shangazi sasa anataka ya pili kabla ya msimu. Ameonyeshwa moja Dar kwa Sh380,000. Nimemwomba muuzaji anitumie picha ya bamba la nyuma na ya sehemu ngoma mbili zinapokutana, nione kama kuna nati. Ametuma picha nne za mbele, mlango ukiwa umefutwa vizuri. Za nyuma bado nazisubiri.